Chunusi za watu wazima: mteja akifika kaunta tumpe nini kwanza, kiasi gani, kwa muda gani?

Kaunta_Tanga

Habari zenu wadau wa afya. Naomba msaada kwa wanaojua, na naomba majibu yenye vipimo, si "paka kidogo uone".

Wanaoulizia dawa ya chunusi famasi siku hizi si wanafunzi peke yao. Wengi ni wanawake wa miaka 25 hadi 40, na wanaume wachache. Chunusi ziko kidevuni na kwenye taya, nyingine zina usaha, nyingine ni mavimbe ya ndani yanayouma ukiyagusa, na karibu kila mmoja ana madoa meusi ambayo yanamkera kuliko chunusi zenyewe.

Kwenye rafu tuna jeli ya adapalini 0.1%, benzoili peroksidi ya 2.5% na ya 5%, krimu ya asidi ya azelaiki 20%, losheni ya klindamaisini 1%, na dawa ya kunawia uso yenye asidi ya salisiliki 2%. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, ipo, kwa cheti.

Tatizo letu ni hili: mteja anachukua adapalini, baada ya wiki moja anarudi uso umebabuka, anasema dawa imemuunguza na anataka hela yake. Tunakosea wapi? Pili, doksisaiklini tunaletewa vyeti vya siku 5, vya siku 10, vya mwezi. Sahihi ni ipi? Tatu, wale waliotumia mkorogo miezi mingi tuwaanzie wapi?

NgoziKwanza

Ndugu Kaunta, nianze na huo uso uliobabuka, kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wengi wanapoiacha dawa nzuri.

Mara nyingi tatizo si dawa. Mteja amepaka nyingi, kila usiku tangu usiku wa kwanza, juu ya ngozi yenye majimaji, tena uso ameusugua kwa sabuni ya kipande. Sabuni ya kipande ya kawaida ina ualikali mwingi, wakati ngozi yenyewe ni ya asidi kidogo. Ukiutoa utando wake wa juu kwa sabuni na dodoki halafu ukapaka retinoidi, yaani dawa za kundi la adapalini, lazima iwake. Na kwa ngozi nyeusi kuwaka si usumbufu wa siku mbili ukapita. Popote palipovimba au kuchubuka, ngozi inazalisha rangi ya ziada na kuacha doa la miezi. Mtu anatibu chunusi huku anajitengenezea madoa mapya. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwenda polepole ni sehemu ya tiba yenyewe, si woga.

Mweleze mteja chunusi inavyoanza, maana akielewa atatulia. Mafuta ya ngozi na seli zilizokufa vinaziba kitundu cha kinyweleo, bakteria wanaongezeka ndani, kisha ukuta wa kitundu unavimba. Kile kizibo huwa kimeanza wiki nyingi kabla ya kuonekana kitu chochote usoni. Adapalini kazi yake ni kuzuia vizibo vipya visijengeke. Kwa hiyo haipakwi juu ya chunusi moja moja kama dawa ya kidonda. Inapakwa eneo lote linalotoa chunusi, pamoja na sehemu zinazoonekana safi leo. Na haipimwi kwa wiki mbili. Mpe wiki 12 ndipo useme imefanya kazi au haikufanya.

Usiku unakwenda hivi. Anawe kwa vidole na maji ya kawaida, kwa dawa ya kunawia isiyo kali, sekunde 30 hadi 60, bila dodoki. Ajikaushe kwa kugusisha taulo, si kusugua. Asubiri dakika 15 hadi 20 ngozi ikauke kabisa. Achukue jeli kiasi cha punje moja ya njegere, aigawe kwa nukta: paji la uso, shavu la kulia, la kushoto, kidevu. Asambaze mpaka isionekane. Aache kope, pembe za pua na pembe za midomo. Hapo jeli hujikusanya na ndipo ngozi hupasuka kwanza. Akimaliza apake losheni ya kulainisha isiyo na manukato. Mwenye ngozi kavu au anayewashwa haraka apake losheni kwanza, kisha adapalini, kisha losheni tena. Nguvu inapungua kidogo lakini anaivumilia, na dawa inayovumilika ndiyo inayotibu.

Ratiba: wiki ya 1 na ya 2, usiku mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya 3 na ya 4, usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Kuanzia wiki ya 5, kila usiku kama ngozi imekubali. Ikianza kukwangua, arudi hatua moja nyuma, asiache kabisa. Mwonye pia kwamba kati ya wiki ya 2 na ya 6 chunusi zinaweza kuonekana kuongezeka, kwa sababu vizibo vilivyokuwa chini vinatoka. Asipoambiwa mapema, ataitupa.

Kuna kipimo kizuri cha kaunta. Tyubu ya gramu 30, kwa nusu gramu kila usiku, inafika siku 60. Mteja akirudi baada ya wiki mbili akitaka tyubu nyingine, tayari umejua kwa nini anaungua.

Asubuhi: anawe kwa maji, losheni nyepesi, kisha mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Kwa wenye madoa, yale yenye rangi ya ngozi ndani yake yanafaa zaidi. Oksidi za chuma zinazoyapa rangi huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi unakoleza madoa na mafuta meupe ya kawaida hauyazuii vizuri.

Mfamasia_wa_Zamu

Nakubaliana na NgoziKwanza karibu kwa yote. Nafafanua benzoili peroksidi, kwa sababu hajaigusa.

Kati ya 2.5% na 5%, mshauri mteja wa uso achukue 2.5%. Matokeo kwenye chunusi hayatofautiani sana na ya 5% au hata 10%, lakini ukavu na muwasho unapanda kadiri asilimia inavyopanda. Mnayo yote mawili, kwa hiyo hakuna sababu ya kumuuzia kali. Ile ya 5% ibaki kwa mgongo na kifua. Apake bafuni, aache dakika 2 hadi 5, aoshe. Hii dawa inaua bakteria kwa oksijeni, na ubora wake mkubwa ni kwamba bakteria hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Ubaya wake mwambieni mapema: inachujua rangi ya nguo. Taulo, foronya, mtandio, kola ya shati, vyote vitapata mabaka ya rangi ya machungwa au meupe. Atumie taulo nyeupe na aiache ikauke kabla ya kuvaa.

Klindamaisini ya kupaka isiuzwe peke yake. Narudia, isiuzwe peke yake. Ndani ya wiki chache bakteria wanaanza kuizoea, na baada ya hapo mteja anasema "ilinisaidia mwanzo tu". Iende pamoja na benzoili peroksidi, na isimamishwe chunusi zenye usaha zikitulia.

Sasa doksisaiklini. Cheti cha siku 5 au 10 kwa chunusi hakina maana. Hiyo ni dozi ya maambukizi mengine. Kwa chunusi za wastani hadi kali zenye uvimbe, ni miligramu 100 mara moja kwa siku kwa wiki 12, yaani vidonge 84, kisha isimame. Isipite hapo bila daktari kumwona mgonjwa upya. Na isitembee peke yake: tangu siku ya kwanza awe anapaka adapalini na benzoili peroksidi, kwa sababu hizo ndizo zitakazoshikilia ngozi vidonge vikiisha. Akila vidonge vitupu, chunusi zinarudi, anaandikiwa tena, zinarudi tena, na mwisho tumefuga bakteria sugu. Hii dawa tunaihitaji kwa magonjwa mazito, na wengine wanaimeza kujikinga na malaria. Tusiichezee.

Namna ya kumeza ndiyo inayosahaulika. Ameze akiwa amekaa au amesimama, kwa glasi nzima ya maji, baada ya chakula, na asilale kwa angalau nusu saa. Kidonge kikikwama kwenye umio kinachimba kidonda. Mtu anaamka kila mate yakipita kifuani ni maumivu. Wanaomeza usiku kwa fundo moja la maji wakapanda kitandani ndio hao. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, dawa za kiungulia na kalisi viachane nayo kwa saa mbili hadi tatu, maana vinaishika tumboni isiingie mwilini. Na jua: ngozi itaungua kirahisi, hata nyeusi. Mjamzito hapewi, wala mtoto chini ya miaka 8.

Mwisho, hoja moja na NgoziKwanza. Miongozo mingi inaruhusu kuanza adapalini na benzoili peroksidi kwa pamoja, na kuna jeli zilizochanganywa tayari, 0.1% kwa 2.5%. Adapalini haiharibiki ikikutana na benzoili peroksidi, tofauti na tretinoini ya kawaida. Kwa nini usianze zote?

NgoziKwanza

Mfamasia, kikemia uko sahihi kabisa, na kliniki ambako mgonjwa anarudi baada ya wiki nne unaweza kuanza zote. Ila Kaunta anazungumzia mtu anayenunua na kuondoka. Uso ukiwaka, hatajua ni ipi kati ya mbili, ataacha zote. Kwa kaunta, nashauri moja kwa wakati: adapalini kwanza, ikishazoeleka kufikia wiki ya 5, benzoili peroksidi 2.5% inaongezwa asubuhi, siku mbili tatu kwa wiki, halafu kila siku. Isipokuwa kama chunusi ni za usaha zaidi na vizibo ni vichache, hapo anza na benzoili peroksidi.

Wafundishwe pia kutofautisha kuwaka na mzio. Kuwaka ni ukavu, kuchonyota, magamba, mara nyingi pembe za mdomo na kidevu, na kunapungua ukipunguza siku. Mzio unawasha sana, kope zinavimba, vipele vidogo vya maji vinatokea, na unazidi kila ukipaka. Mzio ni kuacha papo hapo, hakuna cha kuzoea.

Kaunta_Tanga

Nashukuru sana, hapo kwenye tyubu ya siku 60 nimepata kitu cha kuanza nacho kesho. Bado mkorogo. Na kuna wanaoomba "ile tyubu ya tatu kwa moja", krimu yenye steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi, wanasema ndiyo inayowatoa chunusi kwa siku tatu.

NgoziKwanza

Inawatoa kwa siku tatu kweli, na hiyo ndiyo hatari yake. Steroidi yake, betamethasoni au klobetasoli, inazima uvimbe haraka, uso unang'aa, mtu anaamini amepona. Baada ya wiki kadhaa vipele vinarudi vikiwa vingi, vidogo, vya umri mmoja, vyote vinafanana kama vimepandwa kwa mstari. Chunusi za kawaida huwa mchanganyiko: vichwa vyeusi, vyeupe, vya usaha, na makovu pamoja. Vinavyofanana vyote, uliza krimu. Angalia pia ngozi nyembamba yenye mishipa inayoonekana, vinyweleo vilivyoota mashavuni, uso mweupe huku viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Mkorogo wenyewe mara nyingi una steroidi kali, haidrokwinoni, na wakati mwingine zebaki ambayo inaharibu figo. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, lakini bado zinauzwa kwenye vikopo visivyo na lebo.

Akiacha, uso utalipuka. Mwambie hivyo wazi kabla hajaacha: ndani ya siku chache hadi wiki mbili utawaka, utakuwa mwekundu au mweusi zaidi, vipele vitaongezeka, na utatamani kuirudia. Akirudia, mzunguko unaanza upya. Katika kipindi hiki usimpe adapalini wala benzoili peroksidi, ngozi haina ulinzi. Dawa ya kunawia isiyo kali, losheni isiyo na manukato au vaselini nyembamba, kinga ya jua, basi. Ngozi ikitulia, asidi ya azelaiki 20% mara moja kwa siku, kisha mara mbili. Aliyetumia krimu kali kwa miezi mingi, au amekuwa akipaka mwili mzima, huyo si wa kaunta. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, kwa sababu mwingine anahitaji kushushwa hatua kwa hatua na steroidi dhaifu, na steroidi nyingi iliyopenya mwilini inaweza kuzima homoni yake ya asili.

Azelaiki mnaiacha ikae kwenye rafu bila kuipa nafasi yake. Inazuia vizibo, inapunguza bakteria, na inapunguza rangi kwenye seli zinazotengeneza rangi kupita kiasi. Kwa mteja ambaye madoa ni mzigo sawa na chunusi, ndiyo dawa ya kwanza. Itachonyota dakika chache mwanzoni, ni kawaida. Matokeo ya madoa yahesabiwe kwa miezi mitatu hadi sita.

BintiMvita

Naongeza upande wa vipodozi, maana mteja anaweza kufuata yote hayo halafu akaharibu kwa vitu vya nyumbani.

Ndimu usoni, hapana. Juisi yake ni asidi kali, na jua likipiga juu yake ngozi inaweza kuungua na kuacha alama nyeusi mithili ya maji yaliyotiririka. Dawa ya meno juu ya chunusi inakausha na kuchubua, na doa linabaki. Baking poda vivyo hivyo. Dawa za kuua vijidudu za kuoshea vidonda hazikutengenezwa kwa ngozi ya uso ya kila siku. Liwa na manjano, dada zangu wa pwani najua tunavipenda. Kama ngozi haina jeraha na liwa inaoshwa baada ya dakika chache, sioni ubaya mkubwa, ila isisuguliwe kukwangua, na isipakwe usiku ule wa adapalini.

Mafuta: ya nazi na siagi ya kakao usoni yanaziba kwa watu wengi wenye chunusi. Ukiona chunusi ndogondogo zimejipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele, angalia mafuta ya nywele na jeli za kulaza nywele kabla hujauza dawa yoyote. Apake nywele zikiwa zimefungwa nyuma, afute paji la uso, alale na kilemba safi, abadili foronya kila wiki. Vaselini safi, kinyume na wanavyodhani wengi, haizibi vitundu, ila inang'aa na inashika vumbi, hivyo ni ya usiku.

Dawa ya kunawia ya salisiliki 2% ni nzuri kwa vichwa vyeusi na ngozi ya mafuta. Ila mtu akishaanza adapalini, isiwe ya kila siku. Mara mbili tatu kwa wiki, na siyo usiku uleule.

Tena kuna wanaotibiwa chunusi ambazo si chunusi. Vipele vya ukubwa mmoja, vinavyowasha sana, kwenye paji la uso, kifua na mgongo wa juu, vinavyozidi ukimpa antibiotiki: hapo fikiria fangasi wa vinyweleo. Shampuu ya ketokonazoli 2%, apake, aache dakika 5, aoshe, kila siku kwa muda mfupi, na mara nyingi vinapungua ndani ya wiki chache. Na vipele vya shingoni na chini ya taya kwa mwanaume anayenyoa ni nywele zilizojikunja zikaingia ndani. Aache kunyoa kwa wembe hadi zitulie, kisha atumie mashine inayobakisha unyoya kidogo. Dereva wa bodaboda mwenye chunusi pale mkanda wa kofia unapobana, aoshe ule mkanda.

Mkunga_Moro

Habarini. Nimesoma yote, na sijaona mtu aliyeuliza mgonjwa anatumia uzazi wa mpango gani. Kwa mwanamke mwenye chunusi za kidevu na taya zinazopanda wiki moja kabla ya hedhi, hilo ndilo swali la kwanza.

Njia zenye homoni ya projestini peke yake, yaani sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi na kitanzi chenye homoni, kwa baadhi ya wanawake zinaleta chunusi au kuzizidisha. Vidonge vyenye homoni mbili, kinyume chake, vinazipunguza, kwa kushusha homoni za kiume mwilini. Anahitaji miezi mitatu hadi sita kuona. Msimwambie mtu akatoe kijiti, jamani. Mimba isiyotarajiwa ni kubwa kuliko chunusi. Mpelekeni kliniki ya uzazi wa mpango wajadiliane. Kitanzi cha shaba hakina homoni. Na vidonge vya homoni mbili havimfai mwenye presha ya juu, aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mianga, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, wala anayenyonyesha mtoto mchanga. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, vidonge hivyo vinapungua nguvu, na isoniazidi nayo inaweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Asiache dawa za TB.

Hedhi zinazoruka miezi, ndevu kidevuni, unene unaoongezeka, shida ya kushika mimba: huyo anahitaji kupimwa homoni na kuangaliwa ovari zenye vifuko vingi, si krimu.

Kwa wajawazito: hakuna doksisaiklini, hakuna spironolaktoni, hakuna isotretinoini, na adapalini iachwe. Asidi ya azelaiki na benzoili peroksidi ndizo za kuegemea.

Kaunta_Tanga

Asante Mkunga. Umetaja spironolaktoni. Sisi tunaijua kama dawa ya moyo na ya maji ya tumbo. Kuna cheti kililetwa cha dada wa miaka 31, miligramu 50, ugonjwa ulioandikwa ni chunusi. Tulisita kumpa.

Mfamasia_wa_Zamu

Cheti hicho kilikuwa sawa. Spironolaktoni inazuia homoni za kiume zisishike kwenye tezi za mafuta, kwa hiyo mafuta yanapungua kutoka mzizi. Uingereza walifanya jaribio kwa wanawake 410, likachapishwa 2023: miligramu 50 kwa wiki 6 za kwanza, kisha 100. Nafuu ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa ilionekana wazi zaidi wiki ya 24 kuliko ya 12. Hiyo inakuonyesha kwa nini dada huyo asihukumu dawa baada ya mwezi.

Mambo ya kumuuliza kabla hajalipa: ana mimba au anatafuta? Kama anaweza kushika mimba, awe na kinga ya uhakika, kwa sababu dawa inaweza kuharibu ukuaji wa viungo vya mtoto wa kiume tumboni. Anatumia dawa gani nyingine? Hapa msiwe na haraka. Dawa za presha kama enalapri, lisinopri na losatani, vidonge vya potasiamu, na antibiotiki ya septrini, vyote vinapandisha potasiamu kwenye damu. Septrini wengi hawaihesabu kama dawa kwa kuwa wameimeza miaka mingi. Mwenye ugonjwa wa figo apimwe damu kwanza. Msichana mwenye afya njema asiye na dawa nyingine hahitaji vipimo vya kila mara. Atakojoa zaidi, anaweza kupata kizunguzungu akisimama ghafla, matiti kuuma, na hedhi kuvurugika, hasa dozi ikifika 100. Ameze asubuhi na chakula. Mwanaume hapewi kwa ajili ya chunusi, anaweza kuota matiti.

Na isotretinoini, kwa kuwa mtaulizwa: hiyo ni ya daktari wa ngozi, haiuzwi kwa maelezo ya simu. Ni kwa chunusi za mavimbe, zinazoacha makovu, au zilizoshindikana kwa tiba nyingine. Dozi ni nusu hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mpaka jumla ya miligramu 120 hadi 150 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 kwa 120 ni miligramu 7,200. Akimeza 40 kwa siku ni siku 180. Imezwe na chakula chenye mafuta, la sivyo nyingi inapita bila kuingia mwilini. Inalemaza mtoto tumboni vibaya sana: kipimo cha mimba kabla ya kuanza na kila mwezi, kinga tangu mwezi mmoja kabla hadi mwezi mmoja baada ya kuacha, na asichangie damu kipindi hicho chote. Vipimo vya ini na mafuta ya damu vifanyike. Asichanganye na doksisaiklini, shinikizo ndani ya kichwa linaweza kupanda. Kichwa kikiuma vikali na macho kufifia, hospitali. Vidonge vya vitamini A viachwe. Midomo itakauka kwa kila mtu, huyo muuzieni vaselini. Akiingiwa na huzuni au hali yake ya akili ikibadilika, amwambie daktari mara moja.

NgoziKwanza

Kuhusu wapi pa kuwapeleka: si lazima kila mmoja aende Dar. Chuo cha ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wengi wao wako kwenye hospitali za mikoa. Ulizeni kliniki ya ngozi ya mkoa inakaa siku gani, muandike hiyo siku ukutani pale kaunta.

Wa kupelekwa bila kujaribu chochote: mavimbe makubwa ya ndani yanayouma, makovu ya mashimo yaliyoanza kuonekana, chunusi zilizolipuka ghafla pamoja na homa na viungo kuuma, na yeyote aliyemaliza wiki 12 akipaka ipasavyo bila nafuu. Shimo likishachimbika, krimu hailijazi. Doa bapa litaondoka lenyewe kwa miezi, shimo halitaondoka. Ukimkuta mtu anatumbua kwa kucha huku anaongea nawe, mkanye kwa upendo, maana kutumbua ndiko kunakogeuza doa kuwa shimo.

Kaunta_Tanga

Nimeyaandika yote. Moja la mwisho: Ramadhani, aliye kwenye doksisaiklini afanyeje? Wengi wanataka kumeza wakati wa daku.

Mfamasia_wa_Zamu

Ameze baada ya futari, si daku. Akimeza daku mara nyingi anarudi kulala palepale, na mchana kutwa hana maji ya kukisukuma kidonge. Afuturu, ale, anywe glasi nzima ya maji pamoja na kidonge, kisha aende tarawehe. Kama anakunywa maziwa au vidonge vya damu, aviweke daku.